Starehe na Mtu wa Pembeni

Mimi ni muuguzi, na ninaishi Mtoni kwa Azizi Ali, wilayani Temeke, katika nyumba ya kupanga yenye ua mmoja, bomba moja la maji na kuta ambazo haziwezi kuzuia hata kikohozi. Nayataja haya mapema kwa sababu karibu yote niliyojifunza kuhusu kustarehe bila kumuumiza mwingine yametoka katika kazi hiyo na nyumba hiyo. Mtu anayeishi peke yake ndani ya geti anaweza kupiga muziki, kuchoma nyama na kucheka na wageni wake hadi usiku, akaamini kwamba furaha yake inaishia ukutani. Kwetu ukikaanga vitunguu jirani anajua unapika nini, na ukifungua redio vyumba vyote vinasikiliza pamoja nawe, vipende visipende. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam, na wengi wetu tunaishi hivi, bega kwa bega, kila mmoja akipokea sehemu ya raha za mwenzake hata kama hakuziomba.

Nimekua nikisikia mafundisho mawili juu ya raha. Wapo wanaosema maisha ni mafupi, kwa hiyo mtu ale raha zake na asiyependa azibe masikio. Wapo pia wanaosema raha ni upotevu, na kwamba mtu mzima mwenye akili humaliza siku yake kati ya kazi na ibada. Wodini nimewahudumia wafuasi wa pande zote mbili. Nimewashona vijana waliopanda bodaboda wakiwa wamelewa, na nimekaa kando ya vitanda vya akina mama ambao kwa miaka mingi walifua, walipika, waliuza vitumbua alfajiri na hawakukumbuka mara ya mwisho walipokaa na shoga zao wakacheka mpaka machozi. Sitaki kumhukumu yeyote kati ya hao, lakini nimeona kwa macho yangu kwamba mwili usiofurahi nao hudhoofika, na kwa sababu hiyo siwezi kukubaliana na anayeniambia kwamba njia salama ya kutomdhuru mtu ni kuacha kufurahi.

Ninachokiamini nilikipata katika arusi ya mdogo wangu. Familia ilipokutana kupanga shughuli, vijana walitaka kigodoro, yaani muziki wa mtaani wa usiku kucha, na spika zipangwe kuanzia mlangoni mwetu hadi njia ya daladala. Wakati huo chumba cha pili kulikuwa na mzazi ambaye hajatimiza siku arobaini tangu ajifungue, na chumba cha mwisho aliishi mzee aliyekuwa akipona kiharusi. Mimi nilisema waziwazi kwamba muziki wa namna hiyo utawaumiza. Shangazi yangu, ambaye ndiye aliyekuwa msimamizi wa mambo yote, alinijibu kwa ukali, "Mtoto wetu haozwi kwa siri. Ndoa hutangazwa." Nilinyamaza, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Arusi isiyosikika mtaani inawanyima majirani haki yao ya kujua na kufurahi, na hata dini inahimiza ndoa ijulikane.

Kesho yake nilifanya jambo ambalo hakuna aliyelifikiria kikaoni: nilikwenda kumuuliza mzee mwenyewe. Nilitegemea aniambie kwamba hataki ngoma. Aliniangalia kwa muda, akasema, "Mwanangu, ngoma naipenda. Mdundiko nimeucheza tangu kijana, toka Kisarawe mpaka hapa. Lile dude la usiku wa manane ndilo linalonipiga kifuani." Alichokuwa akikilalamikia kilikuwa besi ya spika baada ya saa za kulala, basi. Yule mzazi naye aliniambia kwamba mtoto wake hulala vizuri mchana hata watu wakipiga kelele, ila usiku akishtuka hanyonyi, na yeye mwenyewe anabaki macho mpaka alfajiri.

Hapo ndipo niliona jambo ambalo tangu siku hiyo limenisaidia mara nyingi. Tulikuwa tumebishana kana kwamba tuna mambo mawili tu ya kuchagua, yaani kufanya sherehe yote au kuifuta yote, kumbe madhara yalikuwa yamejificha katika kipande kidogo cha sherehe ambacho kingeweza kutolewa bila kuiharibu. Usipomuuliza mtu wa pembeni, huwezi kukijua kipande hicho. Utakisia, na kukisia huzaa ama dharau, kwa kuwa unaamua kwamba hataumia, ama woga, kwa kuwa unaacha na lile ambalo naye angelifurahia.

Shughuli ikahamishiwa mchana. Baada ya sala ya alasiri mdundiko ulianzia kwa ndugu zetu upande wa Mtongani ukaja mtaa kwa mtaa mpaka nyumbani, watoto wakiukimbilia na akina mama wakitoka milangoni na kanga viunoni. Magharibi ilipoingia ngoma ilinyamaza, kisha taarabu ikapigwa mpaka saa tatu usiku, kama tulivyokuwa tumeandika katika kibali tulichokiomba serikali ya mtaa. Baada ya hapo spika zilizimwa, na wanawake wakaingia ndani na mwali wakaendelea na nyimbo zao za unyago kwa makofi na vigelegele tu, kwa sauti ambayo ukuta wa jirani uliweza kuivumilia. Yule mzee alitolewa na kiti chake akakaa chini ya turubai, na mpiga ngoma mkubwa alipompita, mzee alimtunza noti kwa mkono uliokuwa bado mzito. Baadhi ya vijana hawakuridhika, na usiku uleule waliondoka kwenda kwenye kigodoro cha mtaa mwingine. Sisemi kwamba kila mtu alipata alichokitaka. Nasema kwamba wazee wetu, ambao katika arusi nyingi za siku hizi hujifungia ndani na kusubiri asubuhi, walikuwepo katika hii, na furaha yetu iliongezeka kwa kuwapata.

Kama muuguzi nalazimika kuongeza neno kuhusu kelele, kwa sababu wengi hudhani kwamba anayelalamika ni mtu wa roho mbaya. Mwili wa mtu aliyelala hauachi kusikia. Sauti kubwa hupandisha mapigo ya moyo na msukumo wa damu hata kama mwenyewe hakuamka, na kwa mgonjwa wa presha usiku mmoja wa namna hiyo si jambo dogo. Nchi yetu ina kanuni za viwango vya kelele na mitetemo zilizotungwa mwaka 2015 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na viwango vya usiku katika makazi vimewekwa chini kuliko vya mchana. Hata anayestarehe mwenyewe hulipa: Shirika la Afya Duniani linashauri sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Kijana anayesimama mbele ya spika za kigodoro kila mwisho wa wiki anamaliza fungu lake la wiki nzima kwa muda mfupi sana, na masikio yakishaharibika namna hiyo hayarudi.

Lakini mzee na mzazi walikuwa jirani zangu, na niliweza kuwagongea mlango. Ugumu huanza pale ambapo mtu wa pembeni hayupo au hawezi kujibu.

Chukua mazungumzo. Sijui starehe nyingine katika jiji hili iliyo rahisi na tamu kama kukaa saluni ya mtaani nikisukwa mchana kutwa, chai ya tangawizi mkononi, wanawake watano au sita wakipokezana hadithi. Naipenda starehe hiyo kwa dhati. Hata hivyo, mara nyingi hufika wakati ambapo mtu hunigeukia na kusema, "Dada nesi, hivi yule mama wa nyumba ya njano alilazwa kwa ajili gani?" Saluni yote hutulia. Ninajua kabisa kwamba jibu langu lingewaburudisha kwa wiki nzima, na ninajua pia kwamba mwenye ugonjwa hayupo kuniruhusu wala kunikataza. Hujibu kwamba sisemi habari za wagonjwa, na kwa kuwa sipendi kuua mazungumzo ya watu, papo hapo huanza hadithi yangu mwenyewe, ya namna nilivyolelewa na bibi yangu au ya mambo ya mkwe wangu yaliyotokea yeye akiwepo na kuyacheka mwenyewe. Nimegundua kwamba saluni haihitaji siri ya mtu ili ifurahi. Inahitaji hadithi nzuri, na anayeileta kutoka katika maisha yake mwenyewe husikilizwa kwa hamu ileile.

Taarabu nayo ina jambo lake, na wapenzi wenzangu wa taarabu wananielewa. Wimbo wa mafumbo ni sanaa ya hali ya juu, na raha yake ni kwamba kila msikilizaji humweka mtu wake mahali pa yule asiyetajwa. Sasa mwanamke akiinuka na noti mkononi, akamwendea mwimbaji huku kidole kikimwelekea mke mwenzie au jirani yake aliyekaa na watoto, fumbo linakuwa limefumbuliwa na ukumbi mzima unashangilia aibu ya mtu mmoja. Nimewahi kusafisha uso wa mwanamke aliyepigwa chupa usiku wa shughuli, na ugomvi ulianzia hapo hapo kwenye kutunza. Mimi hutunza. Huinuka na madera yangu, hucheza hadi kwa mwimbaji, na kidole changu hukielekeza kwa bibi arusi.

Kuna starehe ya tatu ya namna hii, ambayo sina lugha laini ya kuizungumzia. Ajali ikitokea barabara ya Kilwa, kabla majeruhi hajafika kwetu picha zake tayari zimezunguka katika simu za watu. Wanaozituma si wakatili. Husema wanahabarishana, na kweli kuna msisimko fulani katika kuwa wa kwanza kujua. Nimempokea mama aliyefika hospitali akikimbia bila viatu, kwa sababu alikuwa ameiona shati ya mwanawe katika picha ya kundi la simu alipokuwa akipepeta mchele. Sisi tulikuwa bado hatujapata hata namba ya kumpigia. Picha kama hiyo ikinifikia naifuta, kisha nampigia aliyeituma, kwa upole, nikamwambia juu ya mama yule. Mpaka leo hakuna aliyenijibu vibaya.

Kinyume cha haya yote nimekiona katika utani. Baba yangu alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, na mfanyakazi mwenzangu wa wodini ni Mnyamwezi wa Tabora. Utani wa makabila haya unahusishwa na misafara ya karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi walipokuwa wakishuka na pembe za ndovu hadi Bagamoyo na kupita katika nchi ya Wazaramo, ambako walihitaji njia ya kugombana bila kuuana. Baba alipofariki, mwenzangu huyu alifika msibani akajilaza mbele ya jeneza na kutangaza kwamba hatoki mtu hapo, maana marehemu amekufa makusudi ili kukwepa deni lake. Waombolezaji walicheka huku wanalia. Mama yangu, ambaye tangu alfajiri alikuwa hajafungua kinywa, alimrushia kijembe cha kuhusu Wanyamwezi na mizigo, na baada ya kukisema ndipo alipokubali kunywa uji.

Nimeutafakari sana utani ule, kwa kuwa kwa sura yake ungeweza kuonekana kuwa ukatili. Haukuwa ukatili, kwanza kwa sababu anayetaniwa yupo na ana haki ileile ya kurudisha, na mtani hatakiwi kukasirika. Pili, mtani aliyecheza na msiba ndiye aliyebeba maji, akaosha masufuria na kulala kwenye jamvi na wanaume wengine mpaka matanga yalipoondolewa. Wazee wetu hawakuacha mzaha uwe wa kila mtu kwa kila mtu. Waliupa mipaka na wakauwekea wajibu, na ndani ya mipaka hiyo ukawa na nguvu ya kumfanya mjane ale.

Bahari haina namna ya kurudisha utani. Siku zangu za mapumziko hupenda kuvuka na kivuko asubuhi kwenda Kigamboni, au nikipata nauli ya boti kwenda Mbudya kutokea Kunduchi, na nikirudi mjini hupitia soko la Feri kununua samaki mnadani. Samaki mbichi wa kupaka, aliyechomwa kwa mkaa na kumiminiwa tui zito la nazi na ndimu, ni furaha ambayo siioni haya kuiita kubwa. Kwa hiyo nilitaka kujua inalipwa na nani. Uvuvi wa baruti umepigwa marufuku Tanzania tangu mwaka 1970, lakini kwa miaka mingi baada ya hapo milipuko iliendelea kusikika katika pwani yetu, na kila mlipuko uliua wakubwa, wadogo na mayai kwa pamoja, ukavunja matumbawe ambayo huchukua miaka mingi kukua tena.

Mama mmoja muuza samaki pale Feri ndiye aliyenifundisha kuangalia. Samaki aliyeuawa kwa baruti, alinieleza, nyama yake hulegea mapema ukimbonyeza, na ukimpasua utakuta damu imevilia tumboni na mara nyingine uti wa mgongo umekatika, ingawa ngozi ya nje haina hata mkwaruzo. Nilielewa mara moja, maana mlipuko hupasua kibofu cha hewa kilicho ndani ya samaki na mishipa inayokizunguka. Nimeona majeraha ya ndani ya aina hiyo kwa binadamu pia. Tangu hapo hununua kwa wauzaji wanaokubali kumpasua samaki mbele yangu kabla sijatoa pesa. Muuzaji anayejua kwamba wateja wanapasua hana hamu ya kumnunulia mvuvi wa baruti, na hii ni nguvu ambayo hata mnunuzi wa vibua vya shilingi chache anayo.

Mbudya, pamoja na Bongoyo na visiwa jirani, vimekuwa hifadhi tangu mwaka 1975, lakini hifadhi hulindwa pia na miguu ya wageni wake. Maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, watu hutembea juu ya matumbawe wakidhani ni mawe, na huwanyanyua viti vya pweza, wale viumbe wenye umbo la nyota, kutoka majini ili wapige nao picha, wakati viumbe hao hupumua wakiwa majini. Nikienda na watoto wa ndugu zangu huwaambia wapige magoti mchangani, waangalie bila kuinua, na washindane kuona nani atagundua viumbe wengi zaidi katika dimbwi moja. Mchezo huo huwashika muda mrefu kuliko kuokota. Makombe nayo huyaacha, kwa kuwa kaa wengi huishi ndani ya makombe matupu, na mtoto aliyewahi kumwona kaa akihama kutoka kombe moja kwenda lingine haombi tena kubeba. Mihogo na maji tunakwenda nayo kwenye kikapu na kurudi na kila tulichokwenda nacho. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 jambo hili limekuwa jepesi.

Kwa sasa kinachonishughulisha ni kikundi chetu cha jogingi. Kila Jumamosi alfajiri tunakimbia kutoka Mtoni kuelekea Mbagala tukiwa na sare, filimbi na nyimbo, na watu wengi, wakiwemo wagonjwa wangu wa sukari na presha, wamepata afya na marafiki humo. Wiki chache zilizopita mama mmoja wa karibu na Mission alilalamika kwa mjumbe kwamba tunamwamshia mtoto mgonjwa wa selimundu, ule ugonjwa wa seli za damu, ambaye usiku hupata usingizi kwa shida. Baadhi ya wenzangu wanasema saa kumi na mbili asubuhi si usiku na adhana imekwisha kuadhiniwa. Wengine wanataka tuache filimbi kabisa, na viongozi wamependekeza tubadilishe njia yote, jambo ambalo litawatupa nje wazee wanaotusubiri njiani ili waungane nasi. Hakuna kati yetu aliyezungumza na mama huyo. Nimekubaliana na katibu wa kikundi kwamba Ijumaa jioni, nikitoka zamu, tutakwenda wawili nyumbani kwake, tumjulie hali mtoto, kisha tumuulize sauti yetu huwafikia kuanzia wapi na kuishia wapi.